Jiko la moshi lenye sanduku la moto pembeni: kuliunganisha na kulitumia bila ajali

Nyama choma tuliyoizoea ni nyama juu ya makaa: joto linatoka chini, mafuta yanadondoka motoni, na baada ya saa moja hivi sinia liko mezani na kachumbari. Jiko la moshi lenye sanduku la moto pembeni ni kazi nyingine. Moto unakaa peke yake upande mmoja, joto na moshi vinavutwa kupita ndani ya chumba cha nyama, kisha vinatokea kwenye dohani upande wa pili. Mwali haugusi nyama. Inaiva polepole kwenye joto la nyuzi 107 hadi 135 za Selsiasi, na kile kidari cha ng'ombe kinachonunuliwa kwa supu kwa sababu ya ugumu wake kinalainika hadi unakikata bila kusukuma kisu.

Jiko hili lilipata sifa Texas, Marekani, na ukilitaka Kisumu, Kakamega au Nakuru una njia mbili: la dukani, linalokuja vipande vipande ndani ya boksi, au la kuchomelewa na fundi wa jua kali. Lolote utakalochukua, shika jambo hili kabla ya mengine yote: linaendeshwa kwa hewa. Moto mdogo unaopumua vizuri hutoa joto safi na moshi mtamu. Moto mkubwa ulionyimwa hewa hutoa moshi mzito na mchungu, hupaka nyama masizi, na huzalisha kwa wingi kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kinachoharibu nyama ndicho hichohicho kinachohatarisha mpishi.

La boksi au la fundi

La boksi ni jepesi na bei yake mara nyingi ni nafuu, lakini bati lake huwa jembamba, pengine milimita 2 au chini ya hapo. Joto linapotea upesi na upepo ukivuma utaongeza kuni mara kwa mara. Mimi ningeenda kwa fundi, mradi sanduku la moto liwe la chuma cha milimita 5 au 6. Chuma kizito kikishapata moto hakiyumbi ovyo.

Ukienda kwa fundi, kuna mambo matatu ya kuangalia kwa macho yako. La kwanza ni pipa. Muulize wazi, "Fundi, hili pipa lilibeba nini?" Akijibu "mafuta tu", endelea kuuliza ni mafuta gani. Pipa lililobeba dawa za shamba, rangi au kemikali za kiwandani likatae hata kama limeoshwa mara kumi. Lililobeba mafuta ya kupikia au asali linafaa, baada ya kuchomwa moto mkali ndani mpaka rangi na utando wote wa ndani uteketee. Na pipa lililobeba petroli lisikatwe kwa mashine wala kuchomelewa. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulilipua mikononi mwa fundi.

La pili ni zinki. Chuma kilichopakwa zinki, ikiwemo mabati ya kuezekea na mabomba mengi ya maji, kikipata moto mkali hutoa mvuke unaoleta homa na kubana kifua. Kisitumike kwenye sanduku la moto, wavu wala dohani.

La tatu ni vipimo. Sanduku la moto liwe karibu theluthi moja ya ujazo wa chumba cha nyama, na likae chini kidogo ya chumba hicho, kwa kuwa joto hupanda. Mdomo wa ndani wa dohani uwe karibu na usawa wa wavu wa nyama. Ukiwekwa juu kabisa, joto litapita darini na kuiacha nyama chini. Sakafu ya chumba iinamie kidogo upande mmoja, na hapo pawe na tundu la kutolea mafuta.

Kuunganisha

Kama jiko lako limetoka kwa fundi likiwa zima, ruka hadi sehemu ya mahali pa kuliweka. La boksi, tafuta mtu wa kukusaidia. Chumba cha nyama na sanduku la moto vina uzito, na kona za bati jipya hukata kama kisu, kwa hiyo vaa glavu.

Tandaza boksi lenyewe chini, upange vipande juu yake na uhesabu kila bolti, nati na washa ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Bolti ikikosekana, nenda duka la vifaa vya ujenzi ukiwa na nyingine ya kipimo kilekile mkononi. Usilazimishe isiyolingana. Utahitaji spana mbili, bisibisi ya nyota na koleo.

1. Pindua chumba cha nyama kifudifudi na ufunge miguu. Bolti zote zikaze kwa vidole tu kwa sasa. Hili ndilo kosa linalosumbua wengi: ukikaza ya kwanza hadi mwisho, ya nne haitaingia kwenye tundu lake.
2. Funga magurudumu na rafu ya chini, kisha mwinue jiko wawili. Liweke mahali pa sawa na ulitikise. Mguu ukining'inia, legeza bolti zake, sawazisha, ndipo ukaze zote kwa spana kwa kupokezana, huu kidogo na ule kidogo.
3. Leta sanduku la moto. Hapa mmoja ashikilie, mwingine afunge. Kabla ya kulibana, zungushia kamba ya kuzibia inayostahimili joto kali, au silikoni ya joto kali, pale sanduku linapokutana na chumba. Silikoni ya kawaida ya madirisha itaungua na kunuka, usiijaribu.
4. Dohani na kifuniko chake, vipini, wavu wa kuni, wavu wa nyama. Wavu wa kuni uwe umeinuka sentimita kadhaa kutoka sakafu ya sanduku ili hewa ipite chini ya moto na majivu yapate pa kuangukia.
5. Ning'iniza mkebe wa mafuta chini ya tundu la kutolea mafuta kwenye sakafu ya chumba.

Ukimaliza, ngoja giza liingie. Washa tochi ya simu, iweke ndani, funga milango yote na uzunguke jiko. Kila unapoona mwanga, moshi utatokea hapo. Nyufa ndogo za mlango si shida kubwa. Ufa kati ya sanduku na chumba, au kwenye sanduku lenyewe, uzibwe, kwa sababu hewa inayoingia mahali ambapo hukuiruhusu itauchochea moto bila idhini yako.

Kipimajoto kilichofungwa kwenye mfuniko husoma joto la juu, na nyama iko chini. Tofauti inaweza kuwa nyuzi 20 na zaidi. Ongeza kingine kwenye usawa wa wavu, na kingine cha kuchoma ndani ya nyama. Vipimajoto hivi vijaribu kwenye maji yanayochemka, lakini usitegemee kuona 100. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nakuru iko juu zaidi, na huko huchemka kwenye 94 hivi. Kipimajoto kinachoonyesha 100 Kisumu kinadanganya kwa nyuzi nne, na kwenye nyama ya kuku nyuzi nne si jambo dogo.

Mahali pa kuliweka

Nje, pasipo paa. Si chini ya banda la makuti, si chini ya kibanda cha gari, si kwenye baraza, na si kwenye roshani ya ghorofa. Acha mita 3 kila upande kutoka ukuta, ua la miti, waya wa nguo, gari na mtungi wa gesi, kisha tazama juu uone kama kuna tawi au waya wa stima. Ardhi iwe tambarare na isiyoungua: murramu, mchanga au saruji. Nyasi kavu za Januari na Februari zifyekwe na kumwagiwa maji.

Kwa wakaaji wa Kisumu, upepo una ratiba. Asubuhi ikielekea mchana huanza kuvuma kutoka ziwani na huendelea hadi jioni, usiku ukageuka. Ukilielekeza tundu la hewa la sanduku la moto ziwani, alasiri moto utapulizwa kama kwenye kiwanda cha mhunzi na joto litaruka. Ukielekeza dohani huko, moshi utasukumwa kurudi ndani. Liweke ubavu, upepo ulikate jiko kwa upande. Na kwa kuwa alasiri hizohizo huleta mvua za radi, anza mapema. Wingu likikolea kutoka upande wa Nandi, ni afadhali nyama imalizike kwenye oveni au sufuria kuliko kulisukuma jiko lenye moto hadi chini ya paa.

Kwenye ploti za Nyalenda au Manyatta ambako milango inatazamana, waambie majirani siku moja kabla, wasije wakaanika nguo. Chora mstari chini kuzunguka jiko, hatua moja na nusu, na uwaonyeshe watoto kuwa hapo hapavukwi. Chuma cha sanduku la moto hakiwi chekundu kikiwa na nyuzi 300. Mtoto hana namna ya kujua.

Moto wa kwanza hauna nyama

Osha ndani kwa maji ya moto na sabuni, kausha, kisha paka chumba cha nyama na nyavu zake mafuta ya kupikia, utando mwembamba tu. Washa moto mdogo, shikilia nyuzi 120 kwa saa moja, kisha pandisha hadi karibu 200 kwa saa moja au mbili. Harufu ya rangi na mafuta ya kiwandani itatoka yote, na mafuta uliyopaka yatageuka utando mweusi unaozuia kutu. Jiko likipoa, kaza bolti zote tena, kwani chuma kilichopanuka na kusinyaa huzilegeza.

Kuni

Kuni zilizokauka ni nusu ya kazi. Ziwe zimepasuliwa na kukaa kivulini penye upepo miezi sita au zaidi, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 30 hivi. Gonganisha mbili: kavu zinalia kwa sauti kali, mbichi zinatoa kishindo kizito.

Mpera ndio ninaoupenda kuliko yote. Unaungua taratibu, moshi wake una utamu, na mashamba ya Vihiga na Kakamega yamejaa matawi yake baada ya kupogoa. Mwembe, mparachichi na mchungwa nayo ni mizuri. Mgunga una joto kubwa na moshi wenye nguvu, unafaa ng'ombe na mbuzi kuliko kuku na samaki.

Mkaratusi, ingawa ndio unaopatikana kila mahali, una mafuta yanayoacha ladha ya dawa ya kikohozi. Msonobari na mti wa krismasi wa ua vina utomvu unaotoa masizi. Usichome kabisa mbao zilizopakwa rangi au dawa, mbao za fanicha kuukuu, wala mnyaa wa ua, ule Wajaluo huuita ojuok. Utomvu wake huunguza macho na ngozi, na moshi wake hautakiwi karibu na chakula wala na watu.

Siku ya kupika

Anayeanza aanze na kuku, saa mbili hivi za kazi. Kidari cha kilo 5 ni kazi ya saa 8 hadi 12, na si busara kujifunzia moto kwenye nyama ya bei hiyo. Nyama ikae kwenye friji hadi jiko liwe tayari. Isilale mezani usiku kucha ikiwa na chumvi na viungo, maana kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaana kwa kasi.

Kabla ya kiberiti kuwaka, weka karibu ndoo ya mchanga, mpira wa maji uliokwisha kufunguliwa bombani, glavu nene za ngozi na ndoo ya chuma yenye kifuniko. Vaa pamba au jinzi na viatu vilivyofunika vidole. Leso na mikono mipana vifungwe nyuma.

Washa makaa ndani ya mkebe wa chuma wenye matundu, kwa karatasi iliyowekwa chini. Petroli na mafuta ya taa yasifike hapo. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kurudi na mwali hadi kwenye kidumu kilicho mkononi mwako. Mafuta ya taa yatabaki kwenye nyama hata ukila kesho yake. Makaa yakishapata jivu la kijivu, yamwage kwenye wavu wa kuni, uweke vipande viwili vya kuni juu, na uache mlango wa sanduku, tundu la hewa na dohani vyote wazi.

Sasa tazama mdomo wa dohani. Mwanzoni utatoka moshi mweupe, mzito, unaoviringika kama pamba. Usiweke nyama. Subiri dakika 30 au 40. Kuni zikishika mwali wa kweli moshi huanza kupungua, unakuwa mwembamba, wa kibuluu, na wakati mwingine huoni chochote ila hewa inayotetemeka kwa joto juu ya dohani. Hapo ndipo pa kuweka nyama. Moshi usioonekana vizuri ndio unaokoleza, na waliozoea jiko la kuni la nyumbani huona shida kuamini hili mpaka waonje.

Kuanzia hapo dohani ibaki wazi kabisa hadi mwisho. Joto lirekebishe kwa tundu la hewa la sanduku, kidogo kidogo, na ungoje dakika 10 uone matokeo kabla ya kuligusa tena. Likipanda sana, punguza hewa au acha kuni ziishe. Likishuka, ongeza kipande kimoja, si vitatu. Kwa kawaida kipande kimoja kila dakika 30 hadi 45 kinatosha. Kiweke juu ya sanduku kipate joto kabla ya zamu yake: kuni iliyopashwa hushika mwali papo hapo bila kurudisha ule moshi mweupe. Pasha kimoja tu, na usikisahau, kwa sababu kinaweza kuwaka hapo hapo juu ya bati.

Unapofungua mlango wa sanduku, simama pembeni, uufungue inchi moja, ungoje, kisha umalizie. Moto uliokuwa na njaa ya hewa huruka nje unapoipata ghafla.

Sehemu nene ya nyama ielekee kwenye sanduku la moto, ambako joto ni kali zaidi, na uweke sufuria ndogo ya maji kati ya nyama na tundu la moto ili joto lisambae. Kuku yuko tayari paja likifika nyuzi 74 bila ncha ya kipimajoto kugusa mfupa. Mbavu za mbuzi zichukue saa 3 hadi 4. Kwa kuwa mbuzi wetu hana mafuta mengi, zifunge kwa foili nusu ya pili ya safari zisikauke. Kidari kitafika nyuzi 70 hivi kisha kitasimama, saa mbili au tatu kipimajoto hakisogei. Usiongeze moto. Maji yanayotoka kwenye nyama yanaipoza kadiri jiko linavyoipasha, na yakipungua joto litapanda lenyewe. Ukiwa na haraka, kifunge kwa karatasi ya kaki isiyo na nta. Kitoe kati ya 93 na 96, ncha ikizama bila ukinzani, na kipumzike saa nzima kabla ya kisu.

Mbuta wa ziwani nao unastahili jiko hili. Minofu ilale kwenye maji ya chumvi, gramu 60 kwa lita, saa moja au mbili ikiwa kwenye friji. Ifute, uirudishe kwenye friji juu ya wavu mpaka uso wake unate ukiugusa, kisha moshi wa mpera kwenye nyuzi 107 hadi ndani pafike 63. Huo unate ndio unaoshika moshi. Ukiuruka, samaki atatoka na machozi meupe na ladha hafifu.

Sinia lililobeba nyama mbichi lisiipokee iliyoiva.

Moto ukikushinda

Mafuta yakiwaka ndani ya chumba cha nyama, usimwage maji. Maji kwenye mafuta yanayowaka hulipuka kuwa mvuke na kuyarusha mafuta usoni. Funga mfuniko, tundu la hewa na dohani. Hii ndiyo mara moja dohani inafungwa moto ukiwa unawaka. Ondoka hatua kadhaa na uache moto ukose pumzi. Usichungulie, subiri hadi chuma kipoe. Uliodondoka chini mwagie mchanga. Ukivuka mchanga wako, toa watu kwanza, kisha piga 999 au 112.

Aliyeungua awekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema kabla ya uvimbe. Dawa ya meno, unga, yai na siagi hufungia joto ndani na kuleta maambukizi, hata kama shangazi anasisitiza. Jeraha la usoni, mikononi, au kubwa kuliko kiganja chake liende hospitali.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Jiko hili, wala makaa yake, yasiingizwe ndani ya nyumba, hata yakionekana yamezima. Kwenye baridi ya Molo, Njoro na Nakuru, mabaki mekundu yanamshawishi mtu kuyabeba kwenye karai hadi chumba cha kulala. Makaa yasiyo na mwali ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi nyingi, na aliyelala haamki kujua. Anayesikia kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko atolewe kwenye hewa safi mara moja.

Majivu na matunzo

Ukimaliza, funga hewa yote na uache jiko lipoe hadi kesho yake, likiwa na mtu wa kulitazama mpaka lisiwe na joto. Majivu yachotwe kwa koleo la chuma hadi kwenye ile ndoo yenye kifuniko, ikae juu ya saruji siku mbili nzima kabla ya kumwagwa. Kaa dogo lililofunikwa na majivu hukaa hai zaidi ya siku moja, na likitupwa kwenye pipa la plastiki la taka nyuma ya nyumba linaweza kuwasha moto usiku. Yakipoa kabisa, majivu ya kuni safi ni mazuri kwa sukuma wiki, kiasi.

Mafuta kwenye sakafu ya chumba na mkebe wake yaondolewe kila baada ya kupika. Safu iliyoganda ndiyo kuni ya moto wa mafuta wa mara ijayo. Wavu uusugue ungali na joto kidogo, kwa karatasi ya foili iliyokunjwa au kitunguu kilichokatwa nusu. Brashi ya waya iliyochakaa huacha nyuzi zinazonasa kwenye nyama na kumezwa. Paka utando wa mafuta, na msimu wa mvua za Machi hadi Mei lifunike kwa turubai, lakini siku ya pili, chuma kikiwa baridi kabisa. Sanduku la moto litashika kutu nje kwanza. Lisugue, ulipake rangi nyeusi ya kustahimili joto kali, upande wa nje tu.